UZI: Kabla hatujamwaga mikeke hai, samaki wa Tanganyika, ndani ya Ziwa Kivu, naomba tulijadili

#1 Nguba_Ziwani (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 4 usiku

Ndugu zangu wa Bukavu, Idjwi, Kalehe, Goma na kila anayekula sambaza, dagaa wetu wanaouzwa kwa kikombe,

Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umekataa. Jana jioni shemeji yangu alikuja nyumbani akiwa na habari ambayo kwake ni njema sana. Yeye na wenzake watatu wamechanga pesa, wamekwisha kununua mapipa manne ya plastiki na pampu ndogo za betri za kupulizia hewa majini. Kuna mtu wa Uvira atawapatia mikeke hai. Watawapakia usiku, wapande nao mlima wa Ngomo wakati wa baridi, na alfajiri wawamwage hapa ghubani. "Baada ya miaka mitatu," akaniambia, "tutavua samaki wa sahani, tuachane na samaki wa kikombe."

Shemeji si mtu mbaya. Ana watoto sita, anavua usiku, na mwezi ukiwa mpevu anarudi mikono mitupu kwa sababu taa zake hazivuti kitu. Namheshimu, na ndiyo maana nimeona nilete jambo hili kwenu badala ya kubishana naye mbele ya dada yangu.

Kwa asiyenijua: huu ni mwaka wa kumi na moja napima sambaza pale mitumbwi inapotua asubuhi. Nilianza kama kibarua wa mradi fulani. Mradi ulipofungwa, madaftari yetu ya miaka miwili ya kwanza yakapotelea ofisini kwao, hata leo sijayaona. Tangu siku hiyo daftari ni langu na nalala nalo. Naandika mabeseni mangapi, kilo ngapi, taa ngapi zimewashwa, na kila Jumatatu nachukua samaki hamsini nawalaza juu ya rula mmoja mmoja.

Kivu linaonekana kubwa. Lina kilomita za mraba kama 2,700 ukihesabu na visiwa vyake, na kina chake kinakaribia mita 480. Lakini hicho kina si cha samaki. Ukipita mita 60 au 70 kwenda chini hakuna oksijeni tena, kuna kaboni dioksidi na metani zilizoyeyuka majini. Uhai wote wa ziwa umekaa katika tabaka la juu, jembamba kama mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Majira ya mvua tabaka hilo linapungua zaidi. Kosa likifanyika humo, samaki hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo naomba tujibu swali moja kabla ya mapipa kupanda gari: tukigundua tumekosea, huyo samaki tutamtoaje?

#2 Kadutu_Juu
Jumapili, saa 4:40 usiku

Kaka, wasiwasi wako nauelewa, lakini nijibu kwanza hili. Sambaza wenyewe ni wageni. Wabelgiji waliwatoa Tanganyika wakawamwaga hapa, na sijasikia kwamba walifanya kikao na babu zetu. Leo nani atasimama katika soko la Kadutu aseme walikosea? Mama yangu alinisomesha kwa sambaza, kuanzia msingi hadi diploma. Kama mgeni wa kwanza alituletea baraka, kwa nini mgeni wa pili tumfungie mlango?

#3 Nguba_Ziwani
Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Mdogo wangu, hilo ndilo swali zito kuliko yote na sitalikwepa. Nimelala nalo.

Usemayo ni kweli. Kati ya 1958 na 1960 walileta vifaranga vya dagaa wa Tanganyika wa aina mbili. Aina moja haikushika. Nyingine, ambayo wataalamu wanaiita *Limnothrissa miodon*, ikashika, nayo ndiyo sambaza wetu. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki: katikati ya ziwa kulikuwa na vidudu vingi vya majini na hakukuwa na samaki wa kuvila. Mimi pia nimekua kwa sambaza huyo. Siwezi kumtukana aliyenilisha.

Lakini gharama ilikuwepo, ila haikupita sokoni ndiyo maana hatukuiona. Zamani humu ndani kulikuwa na dafnia, kidudu cha majini cha ukubwa wa chembe ya ulezi, kinachochuja mwani kutwa kucha. Sambaza walimmaliza. Hayupo tena Kivu. Waliobaki ni wadogo wadogo, wenye uwezo mdogo wa kula mwani kuliko yeye. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika kwamba sambaza wamekula msingi wa chakula chao wenyewe na uvuvi wao utaanguka. Haukuanguka. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilivyofanywa ziwani mwaka 2008 vilikuta wingi wa samaki ukikaribiana na ule wa miaka ya 1980.

Angalia basi: waliomwaga hawakujua watapata nini, na mtaalamu aliyekuja kuonya naye hakupatia. Ziwa liliwashinda wote wawili. Wewe unasoma humo ruhusa ya kujaribu tena. Mimi nasoma kwamba baba alivuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo, na mwana hawezi kuifanya hiyo kuwa njia ya kuvukia.

Halafu kuna tofauti ambayo shemeji hajaipima. Sambaza walimwagwa mahali ambapo katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuwaonea. Mukeke ni mla samaki. Kwao Tanganyika anakula ndakala, yaani dagaa wa huko, na kamba wadogo. Hapa Kivu katikati ya ziwa atamkuta nani? Sambaza. Tena si kwamba tutapata sahani juu ya kikombe. Tutakigeuza kikombe kiwe sahani, na njiani kingi kinapotea. Samaki akimla samaki, sehemu kubwa ya alichokula inaishia kwenye kuogelea, kupumua na uchafu. Kinachobaki mwilini ni kama moja ya kumi. Kilo kumi za sambaza zinatoa kilo moja hivi ya mukeke. Sasa fikiria nani ananunua kikombe cha sambaza saa kumi na mbili jioni pale Kadutu, na nani ataweza kununua mukeke.

#4 Muvuvi_Ishungu
Jumatatu, saa 2 asubuhi

Miye niko muvuvi wa Ishungu, kwa miaka mingi. Siandikake sana hapa lakini hii inanigusa.

Ule samaki mwenye madoa ya buluu ubavuni, mulimuona lini mara ya kwanza? Siye tulimukuta ndani ya nyavu za kando ya mawe, asubuhi, anang'aa sawa vile shanga. Bazee bakamushika, bakamugeuza huku na huku, bakauliza: huyu ni mutoto wa nani? Hakuna aliyejua. Hakuna leta (serikali) wala mutu aliyekuja kutuambia kwamba kuna samaki mupya. Leo anaingia ndani ya kila wavu wa kando. Bamama banamuuza, batu banamukula, sikatai. Lakini mutu aulize: chakula anachokula kilikuwa cha nani mbele yake?

#5 Nguba_Ziwani
Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Asante sana muzee wangu, umenitoa neno kinywani. Huyo ni *Lamprichthys tanganicanus*, naye ni wa Tanganyika. Kivu alionekana mara ya kwanza mwaka 2006. Mzee anakumbuka rangi, nami nakumbuka ukubwa: katika beseni la sambaza anajitokeza kwa urefu, na ukimwinua kwenye mwanga wa asubuhi yale madoa yanawaka yakiwa yamejipanga kwa mistari. Anakaa kando ya mawe na kutaga ndani ya nyufa zake. Kando hukohuko ndiko sambaza wachanga wanakolelewa, na kukohuko ndiko wanakoishi wale samaki wadogo wa asili, Haplochromis, ambao Kivu ina aina 15 zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Tukiwapoteza hapa, hakuna ziwa jingine la kwenda kuwaomba.

Huo ndio ushahidi wangu kwamba samaki anaweza kuingia na kukaa bila kikao chochote. Na tangu aonekane hadi leo, hakuna aliyejaribu kumwondoa, kwa sababu haiwezekani.

#6 Kavimvira_Mwambao
Jumatatu, saa 5 asubuhi

Salamu kutoka Uvira. Niwatulize kidogo. Mukeke akitoka majini haishi. Sisi tunavua usiku katikati, na tukivuta wavu wengi wanafika juu wamekwisha kulegea. Magamba yao yanatoka ukiwagusa tu. Huyo anayesema atawafikisha Bukavu hai kwa pipa na pampu ya betri, anawadanganya awale pesa. Nadhani mnahangaika bure.

#7 Nguba_Ziwani
Jumatatu, saa 6 mchana

Ndugu wa Kavimvira, asante, na nitamwambia shemeji maneno yako kama yalivyo. Ningependa sana jambo liishie hapo.

Lakini hata dagaa wa Tanganyika ni samaki wa kufa haraka, na bado mwaka 1959 walifika. Walifika kwa sababu waliletwa wakiwa vifaranga, wengi, na zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza watu hupoteza samaki wote, wanajifunza. Mara ya pili wanabakiwa na wachache. Kila pipa ni kura moja zaidi. Ndiyo maana kwenye hesabu ya hatari siandiki "haiwezekani". Naandika "ni vigumu leo, si vigumu sana wakirudia mara kumi".

Na samaki wakifa wote njiani, maji ya pipa yatamwagwa wapi? Ghubani. Ndani ya maji hayo mna nini? Konokono wachanga, minyoo ya kwenye matamvua, mayai yaliyonasa kwenye nyasi, vifaranga vya samaki ambaye hata mfungaji hakumwona. Labda yule mwenye madoa ya buluu aliingia kwa njia ya aina hiyo. Mukeke anaweza kufa, abiria wake wakashuka salama.

#8 Nyamagana_Boy
Jumatatu, saa 8 mchana

Ndugu zetu Wakongo, niko Mwanza na nimesoma uzi huu wote. Kwetu Ziwa Victoria walipanda sangara miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka mingi alikaa kimya kama hayupo. Miaka ya 1980 akalipuka. Furu, ambao babu zangu walikuwa wanawala kila siku, walikuwa aina kama 500 ziwani, na inakadiriwa kwamba karibu 200 zimetoweka. Bibi yangu alikuwa anakausha furu juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na alikuwa na majina yao mengi. Mimi sijui hata moja, na samaki wa kunionyesha hawapo.

Sitaki kuwa mwongo: sangara alileta viwanda, ajira, na fedha za kigeni. Lakini minofu ilipanda ndege, wengi wetu tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Kuweni makini na hicho kimya cha mwanzo. Miaka ishirini bila kuona tatizo siyo cheti cha usalama.

#9 Mwanafunzi_wa_Viumbe
Jumatatu, saa 11 jioni

Mkubwa Nguba, nasomea biolojia hapa Bukavu. Darasani tumefundishwa tathmini ya hatari za ikolojia kwa mifano ya bahari tu, na kwa kweli niliona haituhusu, sisi tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Je, kuna kitu cha kuchukua huko? Na wewe unafanyaje tathmini bila maabara?

#10 Nguba_Ziwani
Jumatatu, saa 3 usiku

Mdogo wangu, kipo, tena kikubwa. Ngoja nikueleze moja tu, kwa sababu linafanana na letu kama pacha.

Mapema miaka ya 1980 ndani ya Bahari Nyeusi kuliingia kiumbe laini kama utelezi wa bamia, jina lake *Mnemiopsis*. Kilitoka pwani za Amerika. Kililetwa na meli. Meli isiyo na mzigo hujaza maji ya bahari tumboni ili isiyumbe, na ikifika bandari ya pili inayamwaga. Yaliyomo ndani ya maji hayo yanashuka bila pasipoti. Mnemiopsis anakula zuplanktoni, yaani vidudu vilevile vidogo ambavyo dagaa wanavitegemea, na anakula pia mayai na vifaranga vya samaki. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali na uvuvi wa dagaa wa bahari hiyo ukaporomoka, ingawa uvuvi wa kupita kiasi nao ulikuwa umeudhoofisha tayari. Alikuja kupunguzwa na kiumbe mwingine mgeni, Beroe, aliyefika mwaka 1997 na ambaye chakula chake ni huyohuyo Mnemiopsis. Hakuna binadamu aliyepanga hivyo.

Mataifa yalikaa, na mwaka 2004 yakapitisha mkataba wa maji hayo ya meli. Ulianza kufanya kazi Septemba 2017. Hesabu miaka mwenyewe, tangu madhara hadi sheria. Ukitazama pipa la shemeji utaona ni meli ndogo yenye maji tumboni, inayopanda Ngomo badala ya kuvuka bahari.

Sasa namna ya kupima. Maabara ni kitu kizuri na ningefurahi kuwa nayo, lakini tathmini inaanza na maswali yaliyopangwa vizuri. Watu wa bahari huuliza kiumbe anaweza kuingia kwa njia gani na mara ngapi. Akiingia, je, atapata joto, chakula na mahali pa kutaga. Akikaa, atasambaa hadi wapi. Akisambaa, atamdhuru nani na kwa kiasi gani. Kisha wanazidisha uwezekano kwa ukubwa wa madhara. Jambo linaloweza kutokea mara moja kwa nadra lakini likaua kila kitu halifai kuwekwa chini ya jambo la kila siku linaloudhi tu.

Mimi naongeza swali langu la mwanzo, naliweka juu kabisa: linarudishika? Nyavu mbaya unaweza kuzichoma leo na sambaza wakaanza kupona, maana wanazaa haraka. Samaki aliyekwisha kuzaa ndani ya ziwa lenye kina hiki hatoki. Hakuna wavu wa kumkamata wa mwisho, na sumu ya kumwua yeye itaua wote.

Na "atasambaa hadi wapi" kwetu halina mzaha. Ziwa letu linamwagika kwenye mto Ruzizi, na Ruzizi inateremka karibu mita 700 hadi Tanganyika. Samaki wa Tanganyika hawakupanda huku wenyewe kwa sababu ya maporomoko, lakini kuteremka ni rahisi. Sambaza huyuhuyu alipandwa Kariba mwaka 1967 na 1968, wenyewe wanamwita kapenta, na akateremka na mto Zambezi kupitia mitambo ya bwawa hadi Cahora Bassa, Msumbiji, bila kubebwa na mtu. Kwa hiyo anayeleta hapa samaki wa kutoka mahali pengine, kwa mfano mbegu ya tilapia wa vizimba kutoka mbali, asidhani analeta kwa Bukavu peke yake. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya furu, karibu zote hazipo kwingine, na nchi nne zinakula humo. Kanuni za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, za uvuvi wa kuwajibika, za mwaka 1995, zinasema kabisa kwamba kabla ya kuingiza kiumbe kigeni katika maji yanayovuka mipaka, ushauriane na majirani. Shemeji hajashauriana hata na jirani wa mtumbwi wa pembeni.

#11 Bagira_Moja
Jumatatu, saa 4 usiku

Kwa heshima zote, naona tunapigana na mbu huku tembo yuko mlangoni. Mvua ikinyesha Bukavu, chupa na mifuko yote ya mji inashuka ziwani. Bwawa la Ruzizi la kwanza limeshindwa kuzalisha umeme mara ngapi kwa sababu ya chupa za plastiki? Mto Kawa unapita Kadutu ukiwa umebeba vyoo vya watu. Halafu kuna gesi ya metani, watu wanachimba. Mnazungumzia mapipa manne!

#12 Nguba_Ziwani
Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Bagira, sikubishii kuhusu tembo. Ninaishi karibu na maji, naamka nayaona. Baada ya mvua kubwa kuna sehemu huwezi kuona maji kwa chupa, na vijana wanatembea juu yake karibu wakidhani ni nchi kavu. Uchafu wa vyoo unalisha mwani, mwani ukioza unakula oksijeni, na nimekwambia oksijeni yetu ni mkeka mwembamba.

Lakini plastiki ni hatari ninayoiona na ninayoweza kuishika kwa mkono. Tukiamua kesho kuzuia chupa mlimani, ziwa litaanza kupata nafuu kesho kutwa. Gesi nayo ina valvu. Wenzetu upande wa Rwanda wanazalisha umeme kwa metani ya Kivu, kituo cha Karongi kimeanza rasmi mwaka 2016, na jambo la kusimamia kwa ukali ni kina ambacho maji yaliyokwisha kutolewa gesi yanarudishwa, kwa sababu maji ya chini yana mbolea nyingi na yakiachwa juu yatavuruga tabaka la samaki. Ni hatari kubwa, ila ina wahandisi, vipimo na mikataba. Anayeisimamia anajulikana. Pipa la usiku halina msimamizi. Dakika kumi ufukweni, na uamuzi umefanywa kwa niaba ya wajukuu wa watu wa nchi mbili.

Ndiyo maana nalianza hilo. Uzi wa plastiki uanzishe wewe, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

#13 Mama_wa_Kikombe
Jumanne, saa 3 asubuhi

Mimi ni mama, nauza sambaza wabichi na wakavu, miaka kumi na minane sasa. Nimesomewa uzi huu na mtoto wangu, anaandika ninachosema.

Nyote mnazungumza ya kuleta samaki. Kwa nini sambaza wamepungua hamsemi? Nitasema mimi. Asubuhi wananiletea beseni la sambaza waliovuliwa kando kwa chandarua cha mbu. Ukiingiza mkono, ni kama uji. Wengine hawajafika hata urefu wa kidole changu cha mwisho, macho tu na uti wa mgongo. Ukiwaanika wanakuwa vumbi. Nikikataa, mwenzangu anachukua. Huyo angeachwa miezi michache angekuwa samaki wa kujaza kikombe kwa wachache tu. Baba zangu, mnataka mukeke wa nini, wakati tunawaua sambaza kabla hawajawa sambaza?

#14 Nguba_Ziwani
Jumanne, saa 3:45 asubuhi

Mama, shikamoo, na asante. Daftari langu linasema hivyohivyo kwa namba za rula, lakini wewe umelisema kwa mkono ndani ya beseni.

Sambaza anakuja kando kutaga, na wachanga wake wanakaa kando hadi wapate nguvu ya kwenda katikati. Chandarua kinavuta palepale. Rwanda wanafunga uvuvi wa sambaza miezi miwili kila mwaka. Samaki hawajui mpaka, kwa hiyo upande mmoja ukipumzika na mwingine ukivuta, aliyepumzika anawalea samaki wa mwenzake. Hapa ndipo kamati zetu za wavuvi zinatakiwa zikubaliane tarehe moja na majirani na kuziheshimu. Ghuba ambako sambaza wanatagia zinajulikana, wazee wa Ishungu wanaweza kuzitaja wakiwa wamelala. Zifungwe kwa nyavu zote, mwaka mzima.

#15 Mlango_wa_Sita
Jumanne, saa 7 mchana

Mimi ndiye shemeji anayesemwa.

Nimesoma yote, nimesoma mara mbili. Sikufurahi kuona habari za nyumbani kwangu hapa, lakini ninyi hamkunitukana, nashukuru. Ndugu wa Uvira ameniumiza zaidi, kwa sababu yule mtu nimekwisha kumpa arabuni.

Nina maswali mawili. Ile hesabu ya kilo kumi kwa kilo moja ni ya kweli au ni ya kunitisha? Na kama nitaacha, usiku wa mwezi mpevu watoto wangu watakula nini? Kwa sababu mwenye kuniambia "usifanye" aniambie pia "fanya hiki".

#16 Nguba_Ziwani
Jumanne, saa 9 alasiri

Shemeji, nisamehe kwa kuanika jambo kabla ya kukuaga. Ningekuja kwako kwanza.

Hesabu ni ya kweli. Si kumi kamili kila mara, mahali pengine ni pungufu, mahali pengine ni zaidi, lakini ni ya namna hiyo. Hata ng'ombe hatoi kilo ya nyama kwa kilo ya nyasi.

La pili ni haki yako kuniuliza. Usiku wa mwezi siwezi kuuondoa. Ninachokijua ni kwamba wiki za giza, mnapopata nyingi, sehemu ya mzigo inaharibika kabla ya saa nne asubuhi. Nimeandika mara nyingi mabeseni yaliyouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu yamelainika. Mkiwakausha juu ya meza za wavu zilizoinuliwa, badala ya mchangani, mtakuwa na sambaza wakavu wa kuuza mwezi ukiwaka, wakati bei imepanda. Mapipa manne mliyonunua yanafaa kwa maji ya chumvi ya kuwaosha kabla ya kuanika. Mama_wa_Kikombe akikubali, aje akuonyeshe anavyofanya wake. Mbao za meza ya kwanza nitatoa mimi.

#17 Mama_wa_Kikombe
Jumanne, saa 10 alasiri

Nakubali. Lakini wavu wa meza usiwe chandarua cha mbu, unaziba na chini hakukauki. Tafuta wavu wa matundu makubwa kidogo. Na sambaza wa kuanika wasiwe wa kando.

#18 Mlango_wa_Sita
Jumanne, saa 2 usiku

Nimeongea na wenzangu. Wawili wamekubali tusubiri. Mmoja amekasirika, anadai pesa yake, nitamrudishia kidogo kidogo. Yule wa Uvira hapokei simu tena.

Mama, Jumamosi ni giza la mwezi, tutakuwa tumetua saa kumi na moja na nusu. Nitakutengea mabeseni mawili ya katikati ya ziwa.

#19 Nguba_Ziwani
Jumanne, saa 2:20 usiku

Jumamosi nitakuwepo na rula. Mwanafunzi_wa_Viumbe, kama unaweza kuamka mapema, njoo na kalamu mbili, moja hukataa kuandika mikono ikiwa na magamba. Nitakupa hamsini za kwanza uzipime wewe.

Muzee wa Ishungu, naomba majina ya zile ghuba za kutagia, hata kwa sauti. Nitayaandika yote.

#20 Muvuvi_Ishungu
Jumanne, saa 3 usiku

Nitakutumia. Iko saba ninazozijua vizuri. Ya nane lazima niulize dada yangu, yeye ndiye alikuwa anachota maji kule.